"Tutaelewana" Si Mkataba

Mpenzi msomaji, neno "tutaelewana" ni tamu sana masikioni. Ukisimamisha bajaji usiku ukauliza bei, dereva anakujibu, "Panda tu dada yangu, tutaelewana." Unapanda. Mkifika ndiyo mnaanza kutoleana macho. Kwa bajaji hasara yake ni buku mbili tatu na hasira za dakika kumi, yanakwisha. Lakini kuna watu wanalitumia neno hilohilo kwenye kazi ya kujenga jengo la mamilioni, na hapo ndipo nataka tuketi pamoja mwezi huu.

Najua wengine mmeshaanza kujiuliza mhariri wenu kapatwa na nini: mwezi uliopita wivu, mwezi huu mikataba ya michoro ya majengo! Nivumilie kidogo. Wengi mnaonisoma mko kwenye umri wa kununua kiwanja, au mmeoana na watu wa saiti, au ninyi wenyewe ni wasanifu, mainjinia na makandarasi mnaoanza kusimama. Mimi nimeolewa na mkandarasi. Nimeona kwa macho yangu jinsi karatasi ambayo haikuandikwa ilivyotaka kuvuruga nyumba mbili kwa mpigo: yetu, na ya mtu aliyesimama kando ya mume wangu siku ya harusi yetu.

Mteja anayetaka mtu mmoja wa kumlaumu

Kampuni ya mume wangu ni ndogo, watu wake wa kudumu hawafiki kumi. Hajengi madaraja wala viwanja vya ndege. Anajenga nyumba za watu, fremu za maduka na vighorofa vya kupangisha.

Kwa utaratibu uliozoeleka, mtu akitaka kujenga anaanza kwa msanifu majengo. Msanifu anachora, mhandisi wa miundo anapiga hesabu za msingi, nguzo na nondo, mkadiriaji majenzi anatengeneza ile orodha ya vipimo na gharama ambayo kila mtu saiti anaiita BOQ, kibali kinatafutwa halmashauri, ndipo mkandarasi anapoingia. Msanifu analipwa na mwenye jengo, na sehemu ya kazi yake ni kumwangalia mkandarasi asije akajifanyia mambo yake.

Sasa wapo wateja ambao hawautaki mlolongo huo. Wanasema, "Mimi sitaki kusikia msanifu kasema hivi na mkandarasi kasema vile. Nataka mtu mmoja wa kumlaumu." Basi mkandarasi anabeba yote mawili, kuchora na kujenga. Wenyewe wanauita mtindo wa sanifu na jenga. Kwa mteja ni raha. Kwa mkandarasi ni dili nzuri, ila pia ni mzigo, kwa sababu sasa yeye ndiye anayemtafuta msanifu na yeye ndiye anayemlipa. Bosi kabadilika. Msanifu aliyezoea kuwa jicho la mwenye jengo, leo anakula kwa mkandarasi.

Hapo panatakiwa mikataba miwili. Wa kwanza ni wa mteja na mkandarasi. Wa pili ni wa mkandarasi na msanifu wake. Ule wa kwanza kila mtu anaukumbuka kwa sababu ndio wenye hela. Huu wa pili ndio unaomalizwa kwa "tutaelewana".

Shemeji na michoro minne

Mteja mmoja mwenye kiwanja Mbezi alimpigia mume wangu. Alitaka kighorofa cha apatimenti sita. Mume wangu naye akampigia rafiki yake wa tangu chuo, msanifu majengo. Huyu mimi namwita shemeji, ndiye aliyekuwa msimamizi wa mume wangu siku tunafunga ndoa, na mkewe ndiye mtu ninayeweza kumwamsha saa saba usiku mtoto akishikwa na homa. Maongezi yao ya kazi niliyasikia nikiwa jikoni. Hayakufika dakika tano.

"Kaka, nichoree hii kitu haraka, mteja yuko moto."

"Poa. Na hela?"

"Kaka, kwani hunijui? Tutaelewana."

Mchoro wa kwanza ukatoka, mzuri hasa. Mume wangu akampa mteja bei ya jumla kwa kuutazama mchoro huo, wakasaini, akapewa malipo ya awali. Kisha mke wa mteja akauona mchoro, jiko halikumpendeza. Shemeji akachora tena. Mteja akaenda kwenye msiba, akakaa na watu wakamwambia barabara ile ina biashara, mbona huweki fremu za maduka chini? Mchoro wa tatu. Nguzo zikahama zote. Halafu akaamua kuongeza ghorofa moja juu. Mchoro wa nne, na mhandisi wa miundo, ambaye shemeji ndiye aliyemleta, akaanza upya hesabu za msingi na akadai hela yake kwa shemeji.

Mume wangu akarudi kwa mteja kumwambia bei imepanda. Mteja akamjibu kwa upole kabisa, "Mimi nimesaini bei moja, na nyumba ni moja."

Ikapita miezi mitano. Shemeji hajapata hata senti. Kila akipiga simu anaambiwa mteja hajatoa. Huku anamwona rafiki yake kanunua mashine ya kuchanganyia zege. Mume wangu kwa upande wake anaona mshikaji anazuia michoro ya nondo makusudi, vijana saiti wamekaa wanacheza bao na posho inakwenda. Kikazuka na kingine. Mchoro wa pili, ule uliokuwa umeachwa, shemeji akasikia umeonyeshwa kwa mteja mwingine kule Kigamboni na mteja kaupenda. Mume wangu aliona ni mchoro uliolala tu, una ubaya gani ukiamshwa? Shemeji aliona kaibiwa.

Mtoto wetu alipotimiza miaka saba hawakuja. Mimi na mkewe tukawa tunapigiana simu kwa kunong'ona, kama wachumba waliokatazwa na wazazi.

Kila mtu alielewana na nafsi yake

Kazi yangu inanilazimu kila mwezi kuwapa watu kazi za ubunifu: wapiga picha, wachoraji, waandishi wa nje. Nilisomea mawasiliano, sikusomea sheria, lakini kwa miaka yangu kwenye kiti hiki nimejifunza kwamba mpiga picha hagombani na wewe kwa sababu ya picha. Mnagombana kwa sababu ya ile "rudia kidogo tu" ya mara ya tatu, na kwa sababu ya picha yake aliyoikuta kwenye bango wakati wewe ulimlipa kwa jarida. Nilipokuwa nawasikiliza hawa wanaume wawili, niliona ugomvi ni uleule, ila wa zege.

Jumapili moja niliwaomba waje wote, na mkewe. Baada ya kula nikawapa karatasi na kalamu, kila mmoja akae pembeni yake aandike kitu kimoja tu: siku ile kwenye simu, mlikubaliana nini?

Mume wangu aliandika kwamba rafiki yake angechora mpaka kibali kitoke, mabadiliko ya mteja yakiwa ndani yake, mhandisi juu yake, na hela angepewa mteja akilipa. Shemeji aliandika kwamba angechora mchoro mmoja na marekebisho madogo, mhandisi angelipwa na mkandarasi, na nusu ya hela angepewa mwanzo kabisa.

Jamani, hakuna aliyekuwa anadanganya! Nawajua wote wawili. Kila mmoja alikuwa ameelewana, lakini na nafsi yake. Mke wa shemeji alizisoma zile karatasi kwa sauti, moja baada ya nyingine, na chumba kikawa kimya.

Haikuisha siku ile. Ilichukua wiki kadhaa. Mhandisi alilipwa kwanza kwa sababu yeye hakuwa na urafiki na mtu. Mteja, baada ya kuonyeshwa kwamba ghorofa aliyoiongeza haikuwepo kwenye mchoro aliousaini, alikubali kuchangia sehemu. Mume wangu akalipa kwa awamu tatu, na mchoro wa Kigamboni akaulipia peke yake. Shemeji akasamehe mchoro mmoja. Urafiki upo, ila sitakudanganya kwamba umerudi kama zamani. Lakini wanafanya kazi pamoja mpaka leo, na sasa wana mkataba wa kurasa saba ulioandikwa na wakili. Nimeusoma mara nyingi. Na kwa kuwa wengi mmewahi kuniuliza mambo ya kujenga, acha niwaeleze uliyomo.

Kwanza: akili ya mteja ikibadilika, nani analipa?

Mkataba wa kuletewa tofali elfu mbili ni mwepesi, tofali zinahesabika. Mchoro ni mawazo, na mteja anapouona ndipo anapogundua anataka nini. Kubadilika si ajali kwenye kazi hii, ndiyo kazi yenyewe. Kwa hiyo mkataba wa kuchora unaosema "msanifu atachora jengo, atalipwa kiasi hiki" na kuishia hapo, haujasema kitu.

Dawa yake ni kuigawa kazi kwa hatua. Kuna mchoro wa awali wa kuonyesha wazo. Kuna michoro ya kuombea kibali. Kuna michoro ya kina ya kujengea, ile yenye vipimo vya kila mlango na kila nondo. Kisha kuna ziara za saiti wakati wa ujenzi. Kila hatua inasainiwa inapokwisha. Marekebisho ndani ya hatua yanahesabiwa, tuseme mara mbili. Lakini hatua ikishasainiwa, kuirudia ni kazi mpya, ina bei yake, na anayeruhusiwa kuiagiza anatajwa kwa cheo, kwa maandishi. Si mke wa mteja kwa simu, wala fundi mkuu akiwa juu ya jukwaa.

Na hapa makandarasi mnisikilize vizuri. Maneno hayohayo lazima yawemo kwenye mkataba wako na mteja. Usipofanya hivyo unabaki katikati: juu yako mteja anabadilisha bure, chini yako msanifu anakudai kila badiliko. Ndicho kilichompata mwenye nyumba wangu.

Pili: nani anamleta nani, na hela inatoka lini

Mkataba utaje kila mtaalamu na anayemlipa: mhandisi wa miundo, mhandisi wa umeme, mkadiriaji majenzi. Utaje ada za kibali ziko juu ya nani na msanifu atakwenda saiti mara ngapi. Utaje pia kwamba kila mmoja kasajiliwa. Tanzania msanifu majengo na mkadiriaji majenzi wana bodi yao chini ya sheria ya mwaka 2010, wahandisi wana bodi yao, na makandarasi wana yao iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Kuhakikisha jina la mtu kwenye bodi ni kazi ya siku moja, kumfukuza kanjanja saiti ni kazi ya mwaka.

Kuhusu hela, kuna kipengele makandarasi wanakipenda: nitakulipa nikilipwa. Kama msanifu akikikubali, akikubali akijua. Anageuka kuwa mkopeshaji wa mteja ambaye hajawahi hata kumwona. Mkataba wa kina mume wangu una njia ya katikati: sehemu inalipwa kazi inapoanza, kila hatua ina malipo yake, na hata kama mteja anasuasua, siku kadhaa zikipita baada ya ankara, mkandarasi analipa. Msanifu naye akicheleweshwa ana haki ya kusimamisha kazi baada ya kutoa taarifa ya maandishi, badala ya kuzima simu. Na msisahau kuandika kama bei iliyotajwa ni kabla au baada ya VAT na kodi ya zuio. Nimeona watu wazima wakinuniana kwa sababu ya hilo tu.

Tatu: ahadi zenu zinalingana?

Hili lilinishangaza, na wakili ndiye aliyenifumbua macho. Shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, FIDIC, lina mikataba ya mfano inayotumika dunia nzima, hata kwenye miradi mikubwa ya hapa kwetu. Kitabu chao cha Njano ndicho cha kazi ambazo mkandarasi anasanifu na kujenga, kuna toleo la 1999 na la 2017. Humo mkandarasi anaahidi kwamba jengo likikamilika litafaa kwa kazi iliyokusudiwa kwenye mkataba. Kitabu chao Cheupe ni cha kuajiri mtaalamu mshauri. Humo mtaalamu anaahidi kufanya kazi kwa ujuzi, uangalifu na bidii inayotarajiwa kwa mtu wa taaluma yake.

Soma tena taratibu. Mmoja kaahidi matokeo, mwingine kaahidi juhudi. Chukulia tangi la maji juu ya paa limeshindwa kufikisha maji apatimenti za juu. Msanifu anaweza kuonyesha kwamba alifanya kila ambacho mtaalamu makini angefanya, akawa salama. Mkandarasi hana pa kujificha, kwa sababu alimwahidi mteja maji yatafika. Pengo hilo lote linabaki mfukoni mwake.

Suluhisho si kumlazimisha msanifu kuahidi matokeo, maana bima nyingi za dhima ya kitaalamu hazitaki kubeba ahadi ya namna hiyo. Suluhisho ni kulijua pengo kabla ya kusaini. Mpe msanifu mahitaji ya mteja yote kwa maandishi, yawe kiambatisho cha mkataba. Ulizia bima. Na kama pengo limebaki kwako, liweke kwenye bei yako.

Nne: nani anakagua badiliko la saiti?

Hapa tunatoka kwenye hela tunaingia kwenye roho za watu. Tarehe 17 Julai 1981, kwenye hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City, Marekani, vivuko viwili vilivyoning'inia ndani ya ukumbi vilianguka watu wakiwa kwenye dansi. Walikufa watu 114, na zaidi ya 200 waliumia. Mchoro wa mwanzo ulikuwa na vyuma virefu kutoka darini vinavyopita kwenye kivuko cha juu na kushuka hadi cha chini. Wakati wa kutengeneza, kila chuma kikakatwa kuwa viwili, na kivuko cha chini kikaning'inizwa kwenye kile cha juu. Kwa badiliko hilo dogo kuangalia, mzigo kwenye viungo vya kivuko cha juu ukawa mara mbili. Mtengenezaji alisema waliomba idhini kwa simu, upande wa wahandisi ukakana simu hiyo. Michoro iliyobadilishwa ilikuwa na muhuri wa idhini wa wahandisi. Uchunguzi ulionyesha pia kwamba hata muundo wa mwanzo ulikuwa chini ya kiwango kilichotakiwa na jiji lile. Wahandisi waliohusika walinyang'anywa leseni za Missouri.

Sisi Dar es Salaam hatuhitaji kwenda Marekani kujua kilio cha jengo likianguka. Tunalikumbuka jengo la Mtaa wa Indira Gandhi, Ijumaa Kuu ya mwaka 2013, na lile la Kariakoo la Novemba 2024. Kila tukio lina sababu zake na vyombo vyake vya kuchunguza, sitaki kuzichanganya. Ninachosema ni kwamba kwenye sanifu na jenga, anayeshawishika kubadilisha nondo ili kupunguza gharama ndiye anayemlipa yule anayepaswa kumkatalia. Urafiki hapo hausaidii, unazidisha hatari. Kwa hiyo mkataba useme wazi: hakuna badiliko kwenye muundo bila saini ya mhandisi aliyepiga hesabu, na mhandisi akikataa hakatwi hela wala hafukuzwi kwa sababu hiyo. Shemeji aliniambia kipengele hiki ndicho kinachompa usingizi.

Tano: mchoro ni wa nani, na tukiachana je?

Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitaja kazi za usanifu majengo kati ya kazi zinazolindwa. Kwa hiyo ukiwa na faili la mchoro kwenye kompyuta yako haina maana kwamba mchoro ni mali yako, kama vile ukiwa na CD ya mwanamuziki wimbo hauwi wako. Andikeni: mkandarasi anaruhusiwa kuutumia kwa jengo hili tu, kwenye kiwanja hiki tu, baada ya kuulipia. Akitaka kuurudia kwingine, kuna bei. Na jina la msanifu litokee kwenye bango la saiti na kwenye picha za matangazo.

Kisha andikeni mtaachanaje. Najua, hakuna anayependa kuzungumzia talaka siku ya uchumba. Lakini miradi inakufa: mteja anaishiwa, anahamishwa kazi, anafariki. Kazi iliyofika nusu inalipwaje? Michoro inakabidhiwa kwa nani? Msanifu mwingine akiibadilisha, wa kwanza anaendelea kubeba lawama? Mkigombana mnakwenda wapi kabla ya mahakamani? Baraza la Taifa la Ujenzi, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, hushughulikia usuluhishi wa migogoro ya ujenzi, na tuna Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020. Mkitaka njia hiyo, iandikeni kwenye mkataba mkiwa bado mnachekeana.

Utasema, mbona sheria inakubali hata makubaliano ya mdomo? Ni kweli, Sheria ya Mikataba haikatai neno la mdomo kwa kazi nyingi. Tatizo ni kulithibitisha. Ndiyo maana wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na mkishaandika, ulipieni ushuru wa stempu, maana karatasi isiyolipiwa inaweza kukataliwa mahakamani siku unayoihitaji kuliko siku zote.

Na nyumbani je?

Mwenzangu uliyeolewa au kuoa mtu wa saiti, usiseme hizi ni kazi za ofisini kwake. Malipo ya awali ya mteja si mshahara. Yakiingia kwenye akaunti ya nyumbani yakalipa ada ya shule, msanifu na mhandisi wameshakopwa bila kuulizwa. Sisi tumefungua akaunti ya mradi peke yake, na mume wangu anajilipa kama anavyowalipa wengine. Mwanzoni alinuna, sasa ndiye anayewashauri wenzake.

Na siku mradi ukikwama, atajaribiwa kuiweka nyumba rehani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya familia haijauzwa au kuwekwa rehani. Hiyo saini yako usiitoe kwa mapenzi matupu. Mwambie, "Baba, niletee na ule mkataba wa michoro niuone." Kama hakuna mkataba, mnajadili rehani ya kitu gani? Kukopa harusi, kulipa matanga.

Kina dada na kina kaka mnaochora, ninyi nao msione haya kwamba mtu ni rafiki yenu. Rafiki anayekasirika ukimwomba saini kabla ya kazi, atakasirika zaidi ukimwomba hela baada ya kazi.

Basi msomaji wangu, neno letu si baya, tatizo ni kuliacha likae peke yake. Mtu akikwambia "tutaelewana", mjibu kwa tabasamu, "Sawa kaka, hebu tuandike tulivyoelewana." Kama mlikuwa mmeelewana kweli, hamtamaliza nusu saa. Mkimaliza siku nzima mnabishana, mshukuruni Mungu kwamba mmebishana kabla msingi haujachimbwa.

Nawatakia mwezi mwema, na wenye viwanja nawatakia ujenzi mwema. Tukutane toleo lijalo.